UZI: Kariakoo na mitaa yake, haya majina yalitoka wapi? (Narung'ombe, Mahiwa, Tandamti mnazipita kila siku)

mtoto wa msimbazi

Habari za wakati huu wakuu. Watu wengi wakisikia Kariakoo wanawaza jezi, simu, vitenge na vibaka. Sawa, hiyo ndo Kariakoo ya leo, ila lile eneo lina historia nzito na sehemu kubwa ya hiyo historia imeandikwa kwenye vibao vya mitaa kabisa, sema watu tunavitumia tu kuelekezana duka. Nimwage ninachokijua, wajuzi wengine mtaongezea.

Tuanze na jina. Vita kuu ya kwanza ya dunia, Mwingereza aliichukua Dar es Salaam kutoka kwa Mjerumani Septemba 1916. Jeshi lake lilikuwa na kikosi kikubwa cha wapagazi wa Kiafrika kikiitwa Carrier Corps, na kambi yao ikawekwa pale pale ambapo leo kuna soko. Hiyo "Corps" wenyewe wanaitamka ko tu, herufi za mwisho zote zinamezwa, basi wenyeji wakasikia karia-ko wakasema Kariakoo na imekaa hivyo zaidi ya miaka 100 sasa. Jina la mtaa maarufu kuliko yote Tanzania ni jina la kambi ya wabeba mizigo.

Mtu atauliza kwanini jeshi la kizungu litegemee vichwa na mabega ya watu wakati walikuwa na farasi, nyumbu na hata magari. Jibu ni mbung'o. Huku kwetu wanyama wa mizigo walikuwa wanakufa kwa maelfu, magari nayo mvua ikinyesha yanazama kwenye tope hakuna barabara, kwaiyo kila risasi, kila gunia la unga, kila sanduku la dawa lilibebwa na mtu akitembea kwa miguu kutoka pwani mpaka ndani huko kusini. Wengi hawakujiandikisha kwa hiari, walikusanywa vijijini kupitia machifu na majumbe. Upande wa Mwingereza peke yake wapagazi waliokufa wanakaribia laki moja, na wengi wao hawakufa kwa risasi, ni kuhara damu, malaria, nimonia, unga mbovu uliosagwa vibaya, kulala nje kwenye mvua. Na mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia ndugu zao.

Kabla ya vita pale palikuwa shamba la Mjerumani mmoja, Schoeller. Serikali ya Mjerumani ikalichukua ili kuwe na mji wa Waafrika, ndo ikapima viwanja na mitaa iliyonyooka inayokatana kama unavyoiona leo. Wakajenga na ukumbi wa soko, vita ikaanza 1914 kabla mambo hayajakaa sawa. Mwingereza alipoingia akaweka wapagazi wake humo, na vita ilipoisha likarudi kuwa soko miaka ya mwanzo ya 1920.

Sasa mitaa. Narung'ombe, Mahiwa, Tandamti. Hizo ni sehemu za kusini huko Lindi ambako palipiganwa vita mwaka 1917. Nitarudi kuelezea, nina wateja hapa.

Kiroboto Mweusi

Aisee mimi miaka yote najua Kariakoo ni neno la Kizaramo. Na Mahiwa nilidhani ni jina la mtu!

binti_wa_lindi

Mtoto wa Msimbazi wakati unahudumia wateja ngoja nikusaidie maana umegusa kwetu kabisa.

Mahiwa ipo mkoa wa Lindi, karibu na Nyangao, ukiwa kwenye barabara ya kwenda Masasi. Oktoba 1917, kuanzia tarehe 15 mpaka 18, palipigwa vita kubwa ambayo wazee wa kule mpaka leo wanaisimulia kwa walivyoisikia kwa wazee wao. Jeshi la Mjerumani chini ya von Lettow-Vorbeck, ambalo askari wake karibu wote walikuwa Waafrika, lilikuwa na watu kama 1,500 tu. Waingereza walikuwa zaidi ya mara tatu yao, wakiwemo askari kutoka Nigeria na wa King's African Rifles, kikosi cha Mwingereza cha askari wa Kiafrika wa Afrika Mashariki. Waingereza wakapoteza zaidi ya watu 2,000 kwa waliouawa na majeruhi ndani ya siku hizo nne. Mjerumani ndo alishinda ila risasi zikamuishia na watu wake wengi wakaumia, mwezi uliofuata akavuka Ruvuma akaingia Msumbiji.

Narung'ombe ni kata, sa hivi ipo wilaya ya Ruangwa. Pale walipigana tarehe 19 Julai 1917. Tandamti ni kilima upande wa Mingoyo, hiyo ilikuwa Agosti mwaka huohuo. Kwaiyo ukitoka kununua sufuria mtaa mmoja ukaingia wa pili kuangalia viatu umeshapita viwanja viwili vya vita vya kwetu na hujui.

Kinachoniuma mimi ni kwamba walioipa mitaa hayo majina waliweka kumbukumbu ya vita walivyopigana wao, lakini waliofia huko ni watoto wetu pande zote mbili. Mmakonde anampiga Mnyasa, Mnyamwezi anampiga Mkamba, ugomvi wa Berlin na London.

Mzee wa Swahili na Mkunguni

Vijana mmenifurahisha. Mimi nimezaliwa na kukulia hapo hapo Kariakoo, niongeze machache.

Kwanza kabisa mjue Dar ya mkoloni iligawanywa kwa rangi. Uzunguni huko upande wa bahari, Uhindini katikati ambapo mnapaita posta na Kisutu, halafu Waafrika Kariakoo na baadaye Ilala. Katikati ya Uhindini na Kariakoo wakaacha eneo wazi halijengwi kitu, wakisema ni kwa ajili ya afya, maana yake maradhi ya Mwafrika yasivuke. Eneo hilo ndo viwanja vya Mnazi Mmoja. Leo mnapumzikia pale mnakula mihogo, na kusudio lake lilikuwa ni kututenga.

Pili ni nyumba. Kariakoo ilikuwa ya nyumba za Kiswahili, vyumba sita, vitatu huku vitatu huku, ukumbi katikati, nyuma uani ndo jiko, choo na kisima kwa aliyejaliwa, mbele baraza. Mwenye nyumba anakaa chumba kimoja au viwili, vingine anapangisha, na wapangaji walikuwa wa kila kabila, huyu Mzaramo, huyu Mmanyema, huyu Mnyamwezi, huyu Mrufiji, watoto wote mnapigwa na mama yeyote aliyewakuta mna makosa. Kiswahili cha mjini kilipikwa kwenye hizo nyua. Msikiti wa Manyema bado upo, hao Wamanyema asili yao ni Kongo walikuwa na nguvu kubwa hapo mjini.

Na barazani hapo ndo siasa ilipoanzia. African Association ilianzishwa 1929, ikaja kuwa TAA (Tanganyika African Association), na tarehe 7 Julai 1954 chama cha TANU kikazaliwa kwenye nyumba ya mtaa wa New Street. Ndo mtaa wa Lumumba huo, jina lilibadilishwa baada ya Patrice Lumumba kuuawa Kongo Januari 1961. Mpaka leo CCM wana ofisi hapohapo, mkisikia watu wanasema "Lumumba wameamua" ndo hapo. Na Uhuru Street mnayoipita ilikuwa ikiitwa Kichwele. Sisi wa zamani wengine bado tunasema Kichwele, dereva bodaboda anatushangaa.

Kiroboto Mweusi

Shikamoo mzee. Na Aggrey je? Maana mimi pale ndo nyumbani kwa kununua simu, siku zote naona wanaandika Agrey, Aggrey, Agree kila bango na lake.

Mzee wa Swahili na Mkunguni

Marahaba mwanangu. Aggrey ni mtu, James Aggrey, msomi Mwafrika kutoka Gold Coast, ndo Ghana ya sasa. Mwaka 1924 alikuja Afrika Mashariki na tume ya Phelps-Stokes iliyokuwa inaangalia mambo ya elimu ya Waafrika. Wakati ule kumuona Mwafrika mwenye digrii zake amekaa meza moja na wazungu wa tume lilikuwa jambo la ajabu, wazee wetu walimpenda sana. Leo mtaa wake unauza chaja.

mtoto wa msimbazi

Nimerudi wakuu, shikamoo mzee, dada wa Lindi nakushukuru umenimalizia kazi yote.

Niongezee kwenye soko lenyewe maana watu wanalisema ovyo. Lile jengo la soko kuu siyo la mzungu. Limechorwa na Mtanzania, Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa mwanzo kabisa wa Kiafrika ukanda huu. Ujenzi ulianza miaka ya mwanzo ya 70 mahali palepale lilipokuwa soko la zamani, na Mwalimu Nyerere akalifungua tarehe 8 Desemba 1975. Shirika la Masoko ya Kariakoo nalo liliundwa kwa sheria ya 1974 ili kuliendesha.

Angalieni paa lake siku mkipita. Ni kama miavuli imegeuzwa juu chini, na siyo urembo ule, mvua ikinyesha maji yanakusanyika katikati yanashuka kupitia nguzo mpaka kwenye tangi chini ya ardhi. Pia halina kuta zilizozibwa huko juu, upepo unapita, mtu wa Dar anajua thamani ya upepo. Chini ya ardhi kuna sakafu nzima, magari ya mazao yanashushia huko. Mwaka 1975 Mwafrika anawaza kuvuna maji ya mvua kwenye soko la mboga, leo tunajenga maghorofa ya vioo yasiyofungua dirisha halafu tunalia na luku ya umeme.

Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 liliungua. Serikali ikatoa bilioni 28 za kulikarabati na kujenga lingine jipya pembeni.

Otis wa Jogoo Road

Jirani zenu kutoka Nairobi tunawasalimu. Sisi pia tuko na yetu, inaitwa Kariokor, iko upande wa Ziwani ukielekea Pumwani. Story ni ile ile, ilikuwa kambi ya Carrier Corps. Tofauti tu ni hiyo r ya mwisho sisi tuliibakisha. Soko la Kariokor watu wanaenda kununua viondo, viatu vya akala na kula nyama choma, hakuna anayefikiria mambo ya vita hata kidogo.

Wazee wa huku walichukuliwa wengi sana, 1917 ndio ulikuwa mwaka mbaya zaidi, serikali ilizunguka reserve zote, yaani maeneo waliyotengewa Waafrika, ikikamata wanaume. Kuna sanamu Kenyatta Avenue ya wanaume watatu, mmoja wao ni mpagazi amebeba mzigo.

binti_wa_lindi

Otis asante sana kaka. Na sisi tuna sanamu ya Askari hapo Dar, barabara ya Samora, iliwekwa 1927, mchongaji ni yuleyule wa sanamu zenu, James Alexander Stevenson. Ila angalia tofauti, ya kwenu imemuweka mpagazi, ya kwetu juu kasimama askari peke yake na bunduki. Kwenye maandishi ya Kiswahili ya pale chini ndo wapagazi wametajwa kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Kwaiyo mpagazi wa Dar hana sanamu, ana soko.

Utd Mpaka Kaburini

Mnasahau jambo kubwa kuliko yote. Bila Kariakoo hakuna mpira Tanzania. Yanga ilianzishwa 1935, Simba 1936, zote watoto wa mitaa hiyohiyo. Simba mwanzo iliitwa Queens, baadaye Sunderland, jina la Simba limekuja 1971. Yanga makao yao Jangwani, Simba mtaa wa Msimbazi, ukiwa na pumzi unatembea kwa mguu kutoka klabu moja kwenda nyingine ndo maana wanaiita dabi ya Kariakoo hata kama wanacheza uwanja wa Mkapa huko Temeke.

Kiroboto Mweusi

Ila mmoja hapo makao yake mvua zikinyesha yanakuwa bwawa la samaki 😂

Utd Mpaka Kaburini

Jangwani ni bonde la mto Msimbazi mkuu, maji yanarudi kwao. Hata mwendokasi wanafunga barabara pale mvua ikizidi, siyo Yanga tu. Msituletee utani kwenye uzi wa madini.

mama K wa vitenge

Mimi nimefanya biashara hapo muda mrefu niwape ya vitendo maana historia mmeshiba, kuna watu wanakuja kutoka mkoani wanazunguka jua linawachoma bure.

Ukija kwa basi la mwendokasi kutoka Kimara shuka Msimbazi Polisi au Gerezani inategemea unaenda wapi. Simu na vifaa vyake ni Aggrey na Likoma. Nguo za jumla na mitumba, viatu, mikoba anzia mtaa wa Congo, ila Congo jiandae, machinga wamepanga bidhaa katikati ya barabara, watu wanapita wamebanana, pochi weka mbele na simu usiitoe kila dakika. Vitu vya ujenzi na spea sogea Gerezani. Mazao ni soko kuu na pembeni yake. Usikubali mtu akwambie "dada njoo nikupeleke kwenye bei ya kiwandani", huyo ni winga, hana duka, bei ya duka anaongeza ya kwake juu. Siyo kwamba mawinga wote ni wabaya, wapo wanaojua kila stoo ya kila ghorofa na wanakuokolea muda, ila wewe mgeni kwanza uliza maduka matatu peke yako ndo umsikilize.

Jumla na rejareja ni bei mbili tofauti kabisa, na jumla kuna wanaoanzia pisi tatu, wengine sita, wengine dazeni. Uliza kabla hujasema unataka ngapi. Na maduka makubwa hayapo chini, wa chini analipa kodi ya fremu kubwa. Panda ngazi, ghorofa ya pili ya tatu huko ndo watu wa Zambia, Kongo, Malawi, Komoro wanakofungia mizigo.

Huduma nyingine, hospitali ya Mnazi Mmoja ipo hapohapo, ukizidiwa na joto watakuhudumia. Watoto wakitaka kucheza kuna uwanja wa Kidongo Chekundu, siku hizi unaitwa JMK Park. Vyoo vya kulipia vipo, ila beba maji yako ya kunywa. Kupaki gari usijaribu, liache nyumbani.

Mzee wa Swahili na Mkunguni

Huyu mama amesema kweli tupu. Zamani ghorofani palikuwa hakuna mtu maana hapakuwa na ghorofa!

Na hapo ndipo nataka kusema kitu. Zile nyumba za vyumba sita zimekwisha. Mjukuu wa mwenye nyumba anafuatwa na mwenye mtaji, wanaingia ubia, mzee hatoi hela anatoa kiwanja, mwenzake anajenga ghorofa kumi, familia inapewa fremu kadhaa au fleti mbili juu. Kwa wengine imekuwa neema, kwa wengine ndugu wamegombana mpaka mahakamani. Mimi simlaumu anayejenga, kiwanja kile bei yake ukitajiwa unakaa chini kwanza. Ninacholalamikia ni namna. Jengo la familia sita linageuzwa la maduka mia, nyingine wanachimba chini kuongeza fremu wakati watu wapo juu wanauza. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa lilianguka asubuhi watu wakiwa kazini, zaidi ya watu 25 wakapoteza maisha, wafanyabiashara, vibarua, wateja. Mungu awarehemu. Kuna waliokuwa wanaongea na ndugu zao kwa simu wakiwa chini ya kifusi.

mtoto wa msimbazi

Amina mzee wangu. Siku zile hapakulalika.

Na vibarua ndo hao hao. Angalieni wale vijana wa mkokoteni na wabeba marobota, mtu kaweka kichwani belo la mitumba linamzidi uzito, anapiga kelele "mzigo mzigo" mpite pembeni, anapanda nalo ghorofa ya nne kwa ngazi kwa sababu lifti mbovu. Eneo limeitwa kwa jina la wapagazi na hawajawahi kuondoka, miaka mia na kitu wapo wanabeba. Bei ya kubeba wanapangiwa na mwenye mzigo, wakiumia mgongo hakuna bima. Mei 2023 wafanyabiashara walipogoma na kufunga maduka kwa mambo ya kodi nchi nzima ilisikia, mpaka waziri mkuu akaja Mnazi Mmoja kuwasikiliza. Wabebaji wakigoma sijui nani atakuja.

mama K wa vitenge

Wakigoma wao nusu siku tu Kariakoo imesimama, mzigo hautoki stoo. Sema hawana umoja, kila mtu na kona yake.

Pwani Mchangani

Unguja pia tunayo Kariakoo, viwanja vya kufurahishia watoto, siku ya Iddi pale hapatoshi. Basi na huko kwetu nimepata la kumuuliza babu.

Kiroboto Mweusi

Muulize halafu uje utuambie hapa hapa.

Halafu binti wa Lindi, mimi nataka nifike hiyo Mahiwa nikaione, nina likizo. Naendaje?

binti_wa_lindi

Panda basi la Masasi, linapita Kibiti, Nangurukuru, Lindi. Ukishaipita Lindi mjini utafika njia panda ya Mingoyo, moja inaenda Mtwara nyingine Masasi, na usishangae konda akiita "Mnazi Mmoja", na sisi tunayo ya kwetu. Hapo mnashika ya Masasi, unapita Mtama, ukisikia Nyangao jiandae kushuka. Chukua bodaboda mwambie Mahiwa. Mambo ya makumbusho na tiketi ya kuingilia usitegemee, ni vijiji, mikorosho na watu wanalima. Ukimkuta mzee barazani msalimie vizuri ukae, usianze na kupiga picha.

Kiroboto Mweusi

Poa dada, nikitoka huko nitapitia na Narung'ombe. Kuna mwenye kujua asili ya Likoma na Mafia kuwa mitaa ya Kariakoo, zaidi ya kwamba ni visiwa?

Mzee wa Swahili na Mkunguni

Mafia ni cha kwetu hapo bahari ya Hindi, Likoma ipo ziwa Nyasa upande wa Malawi. Nani aliwapa hayo majina na kwa nini, nitamuuliza dada yangu mkubwa, yeye aliolewa mtaa wa Likoma na anakumbuka kuliko mimi. Kesho akiamka vizuri nitawaletea.